Songo Mnara na Kilwa Kisiwani kwa siku moja: mwongozo wa kutokea Masoko

Likizo ya Juni na ile ya Desemba zikikaribia, simu yangu hujaa swali lilelile: "Kaka, tukitaka kwenda magofu ya Kilwa tunafanyaje?" Mimi ni mtu wa Lindi, na kupeleka watu visiwani ni kazi yangu ya pembeni. Nimechoka kurekodi sauti ndefu za WhatsApp, basi majibu yote ni haya hapa.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuona visiwa vyote viwili kwa siku moja. Kama unataka Kisiwani peke yake, huhitaji kusoma zaidi: kisiwa unakiona kwa macho ukiwa gatini Kilwa Masoko, mji wa bara, vuka asubuhi, urudi mchana. Songo Mnara ndiyo yenye maneno.

Hatua ya 1: Lala Masoko

Ukitoka Dar yapo mabasi yanayokuja moja kwa moja. Ukitoka Lindi au Mtwara, shuka Nangurukuru, utakuta magari madogo ya kuingia Masoko. Usijaribu kuja na kwenda kisiwani siku hiyohiyo. Wakati wa masika ulizia barabara kabla ya kukata tiketi. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya viliikata barabara ya Dar–Lindi maeneo ya Somanga, na abiria wakakwama njiani.

Hatua ya 2: Chagua siku kwa kuangalia maji

Hapa ndipo safari nyingi huharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Upande wa Songo Mnara wanakoshukia wageni wa magofu ni matope na mikoko. Maji yakiwa yamejaa, boti inasogea karibu, unashuka ndani ya maji ya magoti na dakika chache uko nchi kavu. Yakiwa yamekupwa, boti inabaki huko mbali, nawe unatembea kwenye tope linalokumeza mpaka muundini, linavuta kiatu, na mizizi ya mikoko imesimama kama misumari. Wenye watoto au wazee ndiyo wanakoma kabisa.

Kuna kundi la walimu walichagua Jumamosi kwa sababu tu ilikuwa Jumamosi. Mwezi ulikuwa mpevu. Wakaondoka Masoko wameshakunywa chai na vitumbua, saa nne wakafika, maji yameshakwenda zake, boti ikakaa juu ya fungu. Walinipigia simu niwatafutie chombo kingine. Chombo gani kitapita mahali pasipo na maji? Niliwaambia wangoje. Waliketi chini ya turubai mpaka adhuhuri imepita ndipo bahari ikawarudia, na hamu ya magofu ilikuwa imeshawaisha.

Hesabu yenyewe si ngumu. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku moja mbili baada yake, huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti inapita mita 3. Sasa lishike hili, kwa sababu kila mvuvi wa huku analijua na wageni hawaambiwi. Siku za bamvua, mwambao huu maji hujaa kwenye saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hukupwa saa nne, saa tano za asubuhi. Yaani saa ileile ambayo mgeni ndiyo yuko tayari kushuka! Bamvua ni ya akina mama wanaokwenda kuchokoa pweza mwambani. Ya Songo Mnara siyo.

Unayoyataka wewe ni maji mafu. Hesabu kwa mwezi wa Kiislamu: mwezi 7 hadi 9, yaani tarehe ya 7 hadi ya 9 tangu uandame, kisha tena mwezi 21 hadi 24. Siku hizo maji hujaa kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, na kwa kuwa hayapwi sana, hata mkichelewa saa moja hamtaumbuka.

Tahadhari sasa, maana hesabu hii ina mitego yake.

Tarehe ya mwezi inategemea umeandama lini. Kama mtaani kwenu watu walianza kufunga siku mbili tofauti, ujue hesabu yako inaweza kupotea kwa siku moja. Halafu hizo dakika 50 ni wastani tu. Siku za bamvua kuchelewa kunapungua, na siku za maji mafu kunaweza kuzidi saa nzima. Kwa hiyo tarehe ya mwezi itumie kuchagua wiki, na siku na saa uzitoe kwenye jedwali.

Mimi nalipenda jedwali la maji linalotolewa na Mamlaka ya Bandari. Nimelipiga picha, liko kwenye simu, halihitaji bando. Wenzangu wengi wanatumia programu za simu, na sina ugomvi nazo, ila angalia mambo mawili. Programu inaweza isiwe na Kilwa ikakupa Mtwara au Dar es Salaam. Hilo lisikusumbue, maana pwani yetu yote maji yanapishana kwa dakika chache tu. La hatari ni saa. Hakikisha imewekwa saa za Afrika Mashariki, kwa sababu nyingine zinaonyesha saa za Greenwich, na usipoongeza tatu umeshapoteza safari. Tena ikiandika 10:00 hiyo ni saa nne asubuhi. Utacheka, lakini nimeshaona mtu mzima na shahada yake anamwambia nahodha "maji yanajaa saa kumi" kwa sababu amesoma kumi.

Usisome saa peke yake, soma na kimo. Ukiona maji ya kupwa yameandikwa mita 0.3, ahirisha. Yakiandikwa 1.2 au zaidi, twende.

Bado upepo. Kusi ikishika, Juni hadi Agosti, asubuhi bahari inakuwa na adabu na mchana inakasirika. Songo Mnara iko kusini, basi mnapokwenda mnaupokea upepo usoni na kulowa ni lazima, ila kurudi mnasukumwa. Kaskazi, Desemba hadi Machi, mambo yanageuka na kazi inakuwa ya kurudi. Ukiniuliza mimi, njoo kati ya Septemba na Novemba. Bahari imetulia na mvua za huku kwa kawaida hazijashika.

Ukishamaliza hesabu zako zote, jioni nenda gatini kamuulize nahodha. Hatafungua simu. Atakuuliza, "Leo mwezi ngapi?" Ukisema wa nane, atatazama maji, atatazama mawingu ya upande wa kusini, atakwambia: "Njooni saa kumi na mbili na nusu. Saa sita tuwe tumeshatoka kule." Akikupa saa tofauti na ya jedwali, fuata ya nahodha.

Hatua ya 3: Kibali

Magofu yako chini ya TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania), na kibali cha visiwa vyote viwili unakikamilisha Masoko kabla ya kuvuka. Lipia jana yake. Malipo ni kwa namba ya kumbukumbu, na mtandao ukisumbua asubuhi, maji hayakungojei. Beba kitambulisho cha taifa, maana bei ya Mtanzania si ya mgeni. Chukua na muongozaji. Bila yeye utaona kuta tu.

Hatua ya 4: Chombo

Kwenda Kisiwani mashua ya tanga inatosha na ndiyo raha yenyewe. Kwa visiwa viwili siku moja, chukua boti ya mashine. Wako watakaokushawishi kwenda Songo Mnara kwa tanga kwa sababu ni nafuu. Upepo ukifa katikati mtapiga makasia mpaka mikono ichubuke, na hesabu yote ya hatua ya 2 imekufa. Kwa mashine ni saa moja hadi moja na nusu.

Kabla ya kukubaliana bei, ingia ndani ya boti uangalie. Maboya ya kuvaa yawepo ya kutosha watu wote, uyashike kwa mkono, usiambiwe "yapo nyumbani". Pawe na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, na makasia hata kama mashine ni mpya. Uliza mafuta ya akiba. Bei mpatane ya chombo kizima, kwenda, kungoja na kurudi, na mtaje visiwa vyote viwili kwa majina. Neno "kungoja" lisiposemwa wazi mtagombana baadaye.

Hatua ya 5: Mzigo

Begi la mgongoni acha nyumba ya wageni. Tumia ndoo ya rangi ya lita 10 iliyooshwa, yenye mfuniko wa kubana. Simu, kitambulisho, nguo kavu na mikate vyote ndani. Haipitishi maji, ikianguka baharini inaelea, ukichoka unaikalia. Nimeona watu na mifuko ya bei mbaya ya kuzuia maji, na ndoo yangu imeishinda yote.

Miguuni vaa yeboyebo za kufunga au raba kuukuu. Ndala hapana. Tope litaichukua moja na utabaki na ya pili mkononi. Maji ya kunywa, lita 3 kwa kila mtu. Kofia, na kanga mbili hata kama wewe ni mwanamume: moja ya jua, moja ya kujifutia.

Hatua ya 6: Songo Mnara

Ondokeni saa moja asubuhi. Mkikaribia, nahodha atazima mashine na kuanza kusukuma kwa upondo. Utamwona anauchomeka, anautazama alama ya maji, anasogea kidogo, anauchomeka tena. Usimharakishe. Anapima kama boti itaelea wakati mnarudi.

Fuateni njia ya muongozaji kwenye mikoko. Huko ndani ni mji wa karne ya 14 hadi ya 16: nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, misikiti, ukuta wa mji. Wengi hukimbilia kupiga picha ukuta mrefu kuliko yote. Mimi nakushauri uingie kwenye nyumba moja na uikague polepole. Tazama milango ilivyochongwa kingo, tazama vishubaka ukutani, pitia chumba kimoja hadi kingine uone jinsi mwenye nyumba alivyotenga mahali pa mgeni na mahali pa watu wake.

Usipande juu ya kuta. Vigae vya kaure ya Kichina utaviona chini, viache palepale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda. Magofu haya pamoja na ya Kisiwani yaliingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004 na kutolewa 2014 baada ya ukarabati, na bado chokaa linabanduka ukiliegemea.

Saa sita kasoro muwe ndani ya boti.

Hatua ya 7: Kisiwani wakati wa kurudi

Mtashuka karibu na Gereza, ngome ambayo Wareno waliianzisha mwaka 1505 na Waarabu wa Omani wakaijenga upya baadaye. Kuleni hapo kivulini kwanza, jua la saa saba si mchezo.

Kisha nendeni Husuni Kubwa kabla ya kwingine, ingawa ndiyo mbali. Mkianza na Msikiti Mkuu mtachoka na Husuni mtaiacha. Ni mwendo wa miguu kupita kijijini na mashambani mpaka kwenye jabali juu ya bahari. Hilo ni kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule aliyekuwa anatawala msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331. Lina vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogelea la pembe nane. Mnapopita kijijini salimieni watu, na kamera iwe chini mpaka umeomba.

Msikiti Mkuu uacheni wa mwisho, kwenye saa tisa. Jua limelala, linaingia ubavuni, na nguzo na kuba zinaonekana vizuri kuliko saa sita, ambapo kila kitu kinakuwa cheupe. Kasri la Makutani na makaburi ya masultani mtayapitia mkirudi pwani, mkiwa na nguvu.

Kumi na nusu mko Masoko. Chakula agizeni asubuhi kabla hamjaondoka, muacheni na kiasi cha kununulia samaki. Mkifika na njaa bila kuagiza, mtaambiwa samaki wameisha na mtakula chipsi mayai.