SOMO: Kumpa mtoto mdogo dawa ya minyoo bila kumpalia

Dawa yenyewe haina ugumu. Shida ni namna tunavyowapa watoto: mmoja anambana pua, mwingine anamlaza chali, mtoto analia huku kidonge kiko kooni. Mwaka 2007 huko Ethiopia kuna watoto wadogo walikufa kwa kupaliwa na vidonge hivi wakati wa kampeni. Kwa hiyo hatua ya 3 isome mara mbili.

1. Angalia umri. Albendazo: miezi 12 hadi 23 ni nusu ya kidonge cha miligramu 400, kuanzia miaka miwili ni kizima, mara moja tu. Chini ya mwaka mmoja usimpe kwa kujiamulia.

2. Angalia kadi ya kliniki. Tanzania dawa hii hutolewa Juni na Desemba pamoja na matone ya vitamini A, huenda alishapewa. Ana homa kali? Zahanati kwanza.

3. Saga kidonge kati ya vijiko viwili mpaka kiwe unga, changanya na maji safi kidogo. Mkalishe wima, mpe taratibu. Akilia, subiri anyamaze. Akigoma kabisa, acha, mjaribu kesho. Minyoo haitamuua usiku huu.

4. Choo na sabuni. Jike moja la minyoo mikubwa hutaga hadi mayai 200,000 kwa siku, na dawa haigusi yaliyoko udongoni. Minyoo ya safura nayo huingia kupitia ngozi ya nyayo, basi mvishe kandambili.

MASWALI

Dada, wangu anasaga meno usiku. Si minyoo hiyo?
Hapana, hata wasio na minyoo husaga. Na sukari haizai minyoo, mwambie bibi yake kwa upole.

Nilimpa jana, leo katoa mnyoo mzima. Nimeogopa!
Usiogope, dawa imefanya kazi. Ila tumbo likivimba, akatapika na choo kikafunga, kimbia hospitali. Minyoo mingi huweza kuziba utumbo.

Shikamoo. Nimempa dawa lakini anaharisha kamasi na damu. Nirudie dozi?
Marahaba. Usirudie. Huenda ni amiba au bakteria, na dozi hii moja haitibu hivyo. Mpeleke leo akapimwe choo, na njiani mnyweshe maji ya chumvichumvi ya pakiti.