Ukipata kazi Toksook Bay, anza na posta

Walimu wenzangu wanaotaka kuja kufundisha huku huniuliza kwanza habari za baridi. Baridi ina nguo zake, utanunua. Kitakachokusumbua ni unga na mchele.

Kijiji kiko kisiwa cha Nelson, magharibi mwa Alaska, ufukweni mwa Bahari ya Bering. Wenyeji ni Wayup'ik, na lugha yao bado iko hai midomoni mwa watoto. Barabara ya kuja hakuna. Ndege kubwa inakutoa Anchorage hadi mji wa Bethel, kilomita 640 hivi, halafu unapanda ndege ndogo inayotua kwenye changarawe. Pale Bethel utapimwa uzito wewe pamoja na mizigo yako. Usione haya, kila mtu anapimwa. Ukungu ukishuka hamruki, na kesho pia huenda msiruke. Kwa hiyo dawa, soksi, chaja na chakula cha siku mbili tatu vikae kwenye begi la mkononi. Masanduku mengine yanaweza kuachwa yakufuate baadaye.

Sasa posta. Ukiwa bado Anchorage, chukua yale maboksi ya bei moja, ambayo nauli yake haijali uzito wala umbali mradi boksi lisizidi pauni 70, yaani karibu kilo 32. Humo tia vizito: mchele, maharage, dengu, sukari, tui la kopo. Nguo beba mwenyewe. Jitumie kwa S.L.P. ya mwajiri wako, maana hapa hakuna anayeletewa barua mlangoni. Vya kuwaka na makopo ya kupuliza usithubutu, havipandi ndege. Duka lipo, lakini nyanya imesafiri kama wewe na bei yake inasema hivyo. Iliki ya mahamri yangu yote imepitia posta.

Nyumba zimesimama juu ya nguzo kwa sababu ardhi ya chini imeganda mwaka mzima. Ikipata joto inalainika, nyumba inapinda. Ndiyo maana mabomba nayo hupitishwa juu ya ardhi, yamevikwa yasigande. Siku ya kwanza kabisa, kabla hujafungua sanduku, uliza mambo matatu: swichi ya waya unaopasha bomba iko wapi, maji yanafungiwa wapi, na tangi la mafuta ya hita linasomwaje. Umeme ukikatika usiku wa upepo hutapata wa kumuuliza.

Umeme wenyewe unatoka kwenye jenereta za dizeli, zikisaidiwa na mitambo ya upepo iliyoanza kufungwa mwaka 2006, na waya unaendelea hadi vijiji vya Tununak na Nightmute. Dizeli huja kwa tishali bahari ikiwa haina barafu. Ya msimu mzima wa baridi lazima iwe matangini kabla maji hayajaganda, basi usishangae bei ya lita moja.

Gari sahau. Watu wanatumia pikipiki za magurudumu manne, na za theluji wakati wake. Sensa ya Marekani ya 2020 ilianzia hapa hapa, mwezi Januari, kwa kuwa ardhi ikiganda ndipo safari zinakuwa rahisi, na watu bado wako majumbani kabla ya kutawanyika kuwinda na kuvua. Ila wewe mgeni usitoke nje ya kijiji peke yako.

Darasani, mtoto akiinua nyusi amesema ndiyo. Mwalimu mgeni hurudia swali, mtoto huinua nyusi tena, mpaka wote wawili wanachoka. Kwenye shughuli wazee huhudumiwa kwanza. Ukiletewa samaki aina ya heringi waliokaushwa na kusukwa pamoja kwa nyasi, kula na useme quyana, yaani asante. Aliyekulia ng'onda hana la kulalamika. Akutaq, matunda pori yaliyopigwa na mafuta na sukari, mimi huomba niongezewe.

Pombe: vijiji vingi vya huku vimeipiga marufuku kisheria, hata kuingia nayo tu. Uliza kabla hujafungasha.