Espreso ya nyumbani: kisagio kwanza, mashine baadaye

Mtu akinilalamikia kwamba mashine yake mpya ya espreso (ile kahawa nzito ya kikombe kidogo, inayokamuliwa kwa maji ya moto yenye mgandamizo) inatoa kahawa chapwe, simwulizi mashine ni ya aina gani. Namwuliza kahawa imesagwa na nini, na lini. Mara nyingi nitasikia kwamba ni pakiti iliyonunuliwa ikiwa imeshasagwa, imefunguliwa tangu wiki juzi, na kipimo chake ni kijiko kimoja cha kujaza. Hapo mashine inasingiziwa tu.

Mimi natumia mashine ndogo ya tangi moja la kuchemshia, ile ambayo wauzaji huiita ya wanaoanza, na sijaona sababu ya kuibadilisha. Kama una fungu la pesa la kugawa, sehemu kubwa ipeleke kwenye kisagio. Mashine ya kawaida ikipata unga uliosagwa vizuri inatoa kahawa ya kunyweka. Ya kifahari ikipewa unga mbovu haina la kufanya.

Kisagio ninachokisema ni kile chenye meno mawili ya chuma, moja limetulia na jingine linazunguka, na nafasi iliyo kati yake unaweza kuikaza au kuilegeza kidogo kidogo. Kile cha visu hukata ovyo: vumbi na vipande vikubwa vinachanganyika humo humo. Maji yanalikamua vumbi mpaka linatoa uchungu, na vipande vikubwa yanavipita kabla havijatoa kitu. Ndiyo maana kikombe kimoja kinaweza kuwa kichungu na kichachu kwa pamoja.

Kama kisagio bado hujapata, kagua machujio yaliyokuja na mashine, yale mabakuli madogo ya chuma yenye matundu ambamo unga unatiwa. Ukiligeuza chujio na kukuta chini lina kitundu kimoja tu chembamba, ilhali kwa ndani matundu ni mengi, hilo ni la kuta mbili. Linajitengenezea mgandamizo lenyewe, kwa hiyo linavumilia unga wa dukani na linatoa povu jingi. Povu hilo limetokana na kitundu, usilihesabu kuwa krema, lile tabaka la kahawia linaloelea juu ya espreso halisi. Siku ukipata kisagio, hamia chujio la ukuta mmoja.

Buni, maji na joto

Kwenye mfuko wa buni tafuta tarehe ya kukaangwa. Ile ya mwisho wa matumizi haikusaidii kitu. Buni iliyokaangwa jana bado imejaa gesi ya kaboni dioksidi, nayo ikikutana na maji ya moto inafoka na kuyasumbua maji yasipite sawasawa. Iache ipumzike wiki moja hadi mbili. Ikishapita mwezi mmoja na nusu hivi, harufu inaanza kuondoka. Hifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa, mahali pakavu pasipo na jua. Usiiweke kwenye friji ukawa unaifungua kila siku, maana unyevu utaiingia.

Espreso inapikwa kwa maji ya nyuzijoto 90 hadi 96, yanayosukumwa kwa mgandamizo wa baa 9 hivi. Mgandamizo wa namna hiyo ulianza na mashine za wenzo za Achille Gaggia wa Milano, Italia, zilizoingia sokoni mwaka 1948, na krema tunayoijua leo ilikuja nazo. Kwa hiyo boksi la mashine likijisifu kwa baa 15 au 20, usibabaike. Hicho ni kikomo cha pampu, wala si kitu cha kukitamani ndani ya kikombe.

Washa mashine dakika 15 hadi 20 kabla, mpini, yaani kishikio kinachobeba chujio, ukiwa umefungwa mahali pake. Mpini ni chuma kizito. Ukiwa baridi unanyonya joto la maji, na kahawa itatoka na uchachu ambao hutajua umetoka wapi. Zipo mashine zinazopasha maji kwa sekunde chache, lakini hata hizo mpini wake unabaki baridi. Pitisha maji matupu mara moja au mbili, kikombe kikiwa chini ili nacho kipate joto.

Kupika yenyewe

Mzani mdogo wa kusoma sehemu ya kumi ya gramu ni lazima. Kijiko hakifai, kwa sababu tofauti ya gramu moja tu inatosha kubadili mwendo wa maji.

Anza na kipimo hiki: unga gramu 18, kahawa ya kikombeni gramu 36, muda sekunde 25 hadi 30. Kama chujio lako limetengenezwa kwa gramu 14, tumia 14 na utoe 28. Ukubwa wa chujio haubishaniwi. Ukilijaza kupita kiasi unga utagusa bamba la juu, lile linalomwaga maji, na maji yatakosa pa kutandaa.

Futa chujio mpaka likauke, tia unga, halafu vunja mabonge kwa sindano au waya mwembamba, ukizungusha kuanzia chini hadi juu mpaka unga uwe umelala sawa kote. Watu wengi huiruka hatua hii kisha wakahangaika na kushindilia. Kushindilia kwenyewe ni kazi nyepesi: kandamiza mpaka unga ukatae kushuka zaidi, basi. Nguvu ya mkono wako haina maana kubwa ikilinganishwa na usawa wa uso. Upande mmoja ukiwa chini kuliko mwingine, maji yatakimbilia huko. Inama uangalie kwa ubavu kama kishindilio kimekaa sawa na ukingo wa chujio.

Futa ukingo, funga mpini, weka mzani na kikombe, rudisha mzani kwenye sifuri, bonyeza kitufe cha kupika, na anza kuhesabu muda hapo hapo. Kwa sekunde kadhaa hutaona kitu, unga unalowa. Baina ya sekunde ya tano na ya nane matone ya rangi ya kahawia nzito yataanza kuning'inia, kisha yaungane kuwa mchirizi mwembamba kama mkia wa panya, unaoyumba kidogo. Polepole rangi inafifia kuwa ya manjano. Zima mashine pale mzani unaposoma 34, kwa sababu matone ya mwisho yataijaza ile 36 yenyewe.

Kabla ya kuonja, koroga. Espreso hukaa kwa matabaka: chini nzito, juu krema, na krema peke yake ni chungu. Anayeonja bila kukoroga anakuwa amehukumu tabaka moja.

Kurekebisha

Hapa ndipo watu wanapopotea, kwa kuwa wanagusa vitu vitatu kwa mkupuo. Kipimo cha unga na cha kikombe viache palepale. Cheza na usagaji tu. Kahawa ikimwagika yote ndani ya sekunde 15, saga laini zaidi. Ikijikokota mpaka sekunde 45, legeza. Na ukishageuza kisagio, saga gramu chache uzitupe, maana unga wa zamani unabaki kwenye koo lake na utakudanganya.

Muda ukishakaa sawa, saa iweke kando uusikilize ulimi. Uchachu mkali, wepesi, na kachumvi fulani maana yake maji hayajakamua vya kutosha: saga laini kidogo, au acha kikombe kifike gramu 40. Uchungu unaobaki kooni na kinywa kinachokauka kwa ukakasi maana yake yamekamua mno: legeza usagaji, au zima kwenye gramu 32. Buni iliyokaangwa ikaiva sana mpaka ikang'aa mafuta inapenda joto la chini na kikombe kifupi. Iliyokaangwa kidogo inataka joto la juu na maji mengi zaidi. Mkaangaji ana lake, lakini mnywaji ni wewe. Mimi napenda espreso yangu ikiwa na uchachu wa tunda, na mume wangu huiita hiyo hiyo "kahawa iliyochacha". Yake nasaga laini hatua moja zaidi, maisha yanaendelea.

Mara nyingine kahawa inaruka pembeni kwa vichirizi vyembamba, nusu yake ina rangi hafifu tangu mwanzo. Maji yamepata mfereji. Gonga machicha uyatazame: ukiona kishimo au ufa, tatizo ni utandazaji, na kisagio hakina hatia. Machicha yakitoka yamelowa, hilo peke yake halikuambii chochote.

Kadiri mfuko unavyoelekea kuisha, maji yatapita kwa kasi zaidi kwa kipimo kile kile. Usidhani kisagio kimeharibika. Buni imezeeka, kaza kidogo.

Maziwa

Kwa mashine ya tangi moja kama yangu, swali la kwanza ni kipi kitangulie, kwa sababu joto la kupikia na la mvuke ni mawili tofauti. Mimi napika espreso kwanza, halafu nawasha mvuke. Espreso inaweza kusubiri dakika moja. Maziwa yakisubiri, povu linajitenga na kuganda juu. Ukimaliza mvuke, fungua maji yapite mpaka yaache kufoka na yaanze kuchuruza kimya. Usipofanya hivyo espreso itakayofuata itaungua.

Chukua maziwa yasiyopunguzwa mafuta, ya baridi kutoka kwenye friji. Ubaridi unakupa muda wa kufanya kazi kabla hayajachemka. Jaza jagi mpaka chini kidogo ya pale mdomo wake unapoanzia. Fungua bomba la mvuke hewani kwanza ili maji yaliyolala ndani yatoke, la sivyo yataishia kwenye maziwa.

Zamisha ncha ya bomba chini tu ya uso wa maziwa, karibu na ukuta wa jagi badala ya katikati, kisha fungua mvuke wote. Kuufungua nusunusu kwa woga ndiko kunakoleta mapovu makubwa. Shusha jagi kidogo mpaka usikie "tss, tss" fupi fupi: hiyo ni hewa inaingia. Ukisikia mlio mkali wa kupasua masikio, ncha imezama mno; ukisikia mbubujiko na matone yanaruka, imetoka nje. Kwa late sekunde mbili tatu za hewa zinatosha, kwa kapuchino ongeza kidogo. Hewa yote iingie kabla jagi halijaanza kuwa na uvuguvugu mkononi.

Hapo inua jagi ili ncha izame kiasi cha sentimita moja, na maziwa yaanze kuzunguka kwa kasi. Mzunguko huo ndio unaovunja mapovu yawe laini. Kiganja kikishindwa kubaki kwenye jagi, upo kwenye nyuzijoto 60 hivi. Funga mvuke kabla ya kutoa bomba. Yakipita 70, utamu unapotea na harufu ya maziwa yaliyochemka inaingia. Futa bomba papo hapo kwa kitambaa kibichi na ulipulize tena kwa mvuke. Maziwa yakikaukia humo, kuyatoa ni shughuli.

Gonga jagi mezani mara moja, lizungushe mpaka uso ung'ae bila kitobo, na umimine mara moja. Anzia juu kwa mchirizi mwembamba ili maziwa yapite chini ya krema. Kikombe kikifika zaidi ya nusu, shusha mdomo wa jagi karibu kabisa na uso na ongeza kasi. Weupe utajitokeza. Ukiwa duara lisilo na umbo, kinyweke tu.

Msingi wa vinywaji vyote ni ile espreso ya gramu 36. Doa la povu juu yake, umepata makiato. Maziwa ya kiasi sawa na kahawa au zaidi kidogo, kortado. Kikombe cha mililita 150 hadi 180 chenye povu la sentimita moja na ushei, kapuchino. Mililita 240 hadi 300 na povu jembamba, late. Amerikano haina maziwa: tia maji ya moto kwanza, espreso juu yake, krema itabaki.

Usafi

Kila ukipika, pitisha maji kidogo na ufute bamba la juu, maana mafuta ya kahawa yaliyooza ndiyo uchungu ambao hakuna usagaji utakaouondoa. Kila wiki loweka chujio na mpini wa chuma kwenye maji ya moto yenye dawa ya kusafishia mashine za kahawa, isipokuwa sehemu ya mbao au plastiki. Kama maji yako huacha ukoko mweupe kwenye birika, tumia ya kuchujwa, na ondoa ukoko kwa asidi ya sitriki au dawa iliyotajwa kwenye kijitabu cha mashine. Siki iache jikoni: harufu yake haitoki upesi, na inaweza kula mipira ya ndani.