Kabla ya kipimo cha kamera ya utumbo mpana: panga kwanza utalala wapi

Mama yangu mdogo alikunywa dawa ya kusafisha tumbo alfajiri, akiwa nyumbani Tukuyu, kisha akapanda Coaster ya kwenda Mbeya mjini. Kabla ya kufika Uyole alikuwa ameshuka mara tatu, mara ya mwisho katikati ya shamba la viazi, analia kwa aibu. Dawa iliyobaki hakuinywa. Hospitalini wakaona utumbo bado mchafu, kipimo kikaahirishwa. Karatasi ya maelekezo ilitaja saa za kunywa, lakini hakuna aliyemuuliza anatoka wapi.

Alikuwa ameugua divertikulitisi, yaani uvimbe wa vifuko vidogo vinavyojitokeza kwenye ukuta wa utumbo mpana. Isiyo na jipu wala tundu kwenye utumbo mara nyingi hutulia kwa mapumziko, vinywaji na dawa za maumivu, na wapo wanaopona hata bila antibiotiki, ila uamuzi huo ni wa daktari. Maumivu yakiwa bado makali, picha ya CT-Scan ndiyo hutumika. Kamera haiingizwi kwa haraka wakati huo, kwa sababu ukuta uliovimba unaweza kutoboka hewa inapopulizwa ndani. Kwa kawaida husubiriwa wiki 6 hadi 8. Lengo ni kuhakikisha kwamba hakuna saratani iliyojificha pale palipovimba, maana kwenye picha vitu hivi viwili vinaweza kufanana. Kwa hiyo ukipewa tarehe ya mbali usidhani umepuuzwa. Lakini homa ikirudi, tumbo likikakamaa, ukitapika mfululizo au ukitoa damu nyingi chooni, usingoje tarehe: nenda hospitali siku hiyohiyo.

Dawa zako zote zitaje mapema, si asubuhi ya kipimo. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma husimamishwa takribani wiki moja kabla, kwani hufanya kinyesi kiwe cheusi na kinate ukutani. Mwenye kisukari, anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, na mwenye ugonjwa wa figo au moyo apate maelekezo yake mwenyewe. Asinakili ya jirani. Barua ya rufaa na kibali cha bima navyo vishughulikiwe wiki hiyo.

Siku 2 au 3 kabla, weka kando makande, maharage, dona, mboga za majani, pasheni na mapera. Najua inashangaza, maana ndivyo vyakula tunavyohimizwa kula kwa afya ya utumbo. Utavirudia baadaye. Kwa sasa kula wali mweupe, ugali wa sembe, mayai, samaki, viazi vilivyomenywa. Siku moja kabla ni vinywaji vyepesi tu: maji, chai ya rangi, supu iliyochujwa. Choya usinywe, rangi yake nyekundu inaweza kudhaniwa damu.

Sasa pa kulala. Anayetoka Makete, Tukuyu au Chunya afike mjini siku moja kabla, kwa ndugu au gesti iliyo karibu na hospitali. Usiulize bei tu, kaangalie choo: kiko ndani? Maji yanatoka usiku? Mwezi wa Juni na Julai baridi ya Mbeya si ya mchezo, na kutoka nje mara kumi usiku ukiwa na njaa kunaweza kumwangusha mtu mzima. Safari ya pili tulimchukulia mama chumba chenye choo cha ndani, tukambebea sweta, soksi, ndoo na mafuta ya mgando ya kujipaka, maana ngozi huchubuka.

Dozi mara nyingi hugawanywa, nusu jioni na nusu alfajiri, na unatakiwa uwe umemaliza kunywa angalau saa 2 kabla ya kipimo, au mapema zaidi ukielekezwa hivyo. Imalize yote hata ukihisi tumbo limeisha. Mama alikuwa akiniita nimulike kwa tochi ya simu: kwanza tope, kisha maji ya kahawia, na saa 11 alfajiri maji ya njano yaliyoonyesha hadi chini. Hapo ndipo unajua uko tayari.

Nenda na mtu wa kukurudisha. Ukipewa dawa ya usingizi, siku hiyo huendeshi gari wala bodaboda, na basi la kurudi kijijini ni la kesho yake.