SOMO: Mboga kwenye salfeti kwa sisi wa Dodoma (soma lote kabla ya kuuliza)

Ndugu zangu, kila wiki naulizwa yale yale. "Mama, sukuma zangu zimenyauka." "Mama, mbona juu kumelowa na chini kumekauka?" "Mama, naweka mbolea gani?" Namjibu mmoja, kesho anakuja mwingine na swali hilo hilo. Leo naandika yote kwa mpangilio, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa.

Somo hili ni la Dodoma mjini na jirani zake: Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, hata Manyoni. Wenzetu wa Lushoto na Mbeya wana mazingira yao. Sisi mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka mzima, na hata katika msimu huo inaweza kunyesha siku mbili kwa fujo halafu ikapotea wiki mbili. Miezi yote iliyobaki mboga inaishi kwa maji ya ndoo. Ndiyo maana naipenda salfeti kuliko tuta: maji unayomwaga yanabaki kwenye mizizi, na salfeti moja ya kilo 100 inabeba miche 30 hadi 40 kwenye eneo dogo la uwanja. Familia yenye salfeti tatu zinazotunzwa vizuri inapunguza sana safari za kwenda kununua mafungu ya mchicha.

Hatua ya 1: Salfeti. Iwe nzima, iliyobeba mahindi, mchele, sukari au pumba. Iliyobeba sumu au dawa za mifugo usiiguse, hata ukiifua mara kumi.

Hatua ya 2: Mahali. Weka upande wa mashariki wa nyumba. Hapo mboga inapata jua la asubuhi, na kuanzia mchana ukuta unaikinga. Jua la saa nane la Oktoba na Novemba linababua hata sukuma iliyokomaa. Tatizo ni kwamba upepo wetu nao kwa sehemu kubwa unatoka mashariki, na kuanzia Juni unavuma mfululizo na kukausha majani. Basi simamisha kizuizi kifupi cha fito, mabua au chandarua chakavu mbele ya salfeti. Chagua mahali moja kwa moja, kwa sababu salfeti ikishajaa na kulowa hakuna mtu wa kuihamisha.

Hatua ya 3: Udongo. Ndoo mbili za udongo wa juu kwa ndoo moja ya samadi. Kama udongo wako ni ule mweusi wa mbugani unaonata, ongeza ndoo moja ya mchanga wa korongoni.

Hatua ya 4: Samadi. Ya mbuzi, ng'ombe au kuku, lakini iliyooza. Huku mifugo ni mingi na samadi inapatikana kirahisi, na ndiyo maana watu wanaichota zizini asubuhi na kuijaza jioni. Samadi mbichi inachemka ndani ya salfeti na kuunguza mizizi. Ya kuku ndiyo kali zaidi. Samadi iliyoiva haina harufu kali, ni nyeusi, inavunjika mkononi na haina joto ukiingiza mkono katikati ya rundo. Ukiwa na shaka, changanya kidogo na udongo kwenye kopo, panda mbegu chache za mchicha. Zikiota vizuri na miche isimame bila kuungua, tumia. Zikigoma, lowesha rundo, lifunike, ligeuze kila baada ya wiki na usubiri.

Hatua ya 5: Nguzo ya mawe. Hapa naomba tuelewane, kwa sababu salfeti nyingi zinafia hapa, na yangu ya kwanza ilifia hapa.

Ukijaza udongo mtupu, maji yatalowesha juu tu. Chini kutabaki kukavu hata ukimwaga ndoo nzima, na miche ya matundu ya chini itakufa huku ya juu ikioza kwa maji mengi. Nguzo ya mawe inasimama katikati kuanzia chini hadi juu. Kazi yake ni kuyashusha maji na kuyasambaza pembeni kwenye kila kimo.

Tafuta kopo kubwa la maziwa ya unga, likate kitako libaki wazi pande zote mbili. Kipande cha bomba la inchi nne nacho kinafaa. Weka kwanza udongo wa kina cha vidole vinne chini ya salfeti. Simamisha kopo katikati kabisa. Lijaze mawe ya ukubwa wa ndimu. Jaza udongo kulizunguka mpaka ukaribie mdomo wa kopo, ushindilie kwa kiganja tu. Sasa livute kopo juu polepole, lakini kitako chake kibaki kimezama kidogo kwenye mawe. Jaza tena mawe, jaza tena udongo, vuta. Endelea hivyo mpaka ubakize nafasi ya kiganja kutoka mdomo wa salfeti.

Angalia haya:

Usitumie kokoto ndogo zilizochanganyika na vumbi. Zinaziba, na baada ya mwezi nguzo inakuwa ukuta. Osha mawe.

Usilitoe kopo lote kabla udongo haujafika. Mawe yanamwagikia upande mmoja, nguzo inapinda, na nusu ya salfeti inakosa maji.

Usikanyage udongo kwa miguu. Mizizi inahitaji hewa.

Usiruke ule udongo wa vidole vinne. Mawe yakigusa kitako cha salfeti, maji yatapita moja kwa moja na kutokea chini.

Ukimaliza, mwaga lita tano juu ya mawe. Yanatakiwa kushuka mara moja. Subiri saa moja, kisha chomeka kijiti ubavuni karibu na chini. Kikitoka na unyevu pande zote, umefanikiwa. Kikitoka kikavu upande wowote, mwaga udongo wote uanze upya siku hiyo hiyo. Najua inauma, lakini ukishapanda hakuna namna ya kurekebisha nguzo.

Hatua ya 6. Mwagilia siku mbili au tatu bila kupanda, udongo utulie.

Hatua ya 7: Matundu. Usikate kwa wembe. Nyuzi za salfeti zikikatwa zinafumuka, na tundu la sentimita tatu linakuwa la kumi, udongo unamwagika. Chukua msumari mnene, upashe moto kwenye mkaa, toboa. Joto linayeyusha kingo na zinashikana. Fanya nje penye hewa, usivute ule moshi, na watoto wakae mbali. Acha kiganja kimoja kati ya tundu na tundu, na mstari wa pili upishane na wa kwanza.

Hatua ya 8: Kupanda. Jioni, kwa miche ya wiki tatu hadi nne. Ubavuni sukuma, spinachi, chainizi, mnafu. Juu vitunguu, au nyanya mbili tu, au sia mchicha. Karoti usiweke ubavuni.

Hatua ya 9: Maji. Lita tano hadi kumi kwa siku, nusu juu ya mawe na nusu juu ya udongo. Miezi ya joto gawa asubuhi na jioni. Maji ya kuoshea mchele na mboga ni mazuri. Ya sabuni ya unga hapana, yana chumvi zinazobaki kwenye udongo. Tandaza majani makavu juu, lakini usifunike mawe.

Hatua ya 10. Vuna majani ya chini, acha matano ya juu kila mche.

MASWALI

Mkazi wa Nkuhungu: Mama asante kwa somo. Nimepita haraka haraka. Samadi ya kutoka zizini leo naweza kuweka leo?

Jibu: Hatua ya 4.

Dada wa Miyuji: Mimi nilifanya hivi hivi mwaka jana na zote zilikufa. Hii kitu Dodoma haifai, tusidanganyane.

Jibu: Pole dada. Nguzo ya mawe uliweka?

Dada wa Miyuji: Sikuweka, niliona ni kazi bure.

Jibu: Basi hukufanya hivi hivi. Hatua ya 5 nimeiandika ndefu kuliko zote kwa sababu hiyo. Mboga inafaa Dodoma, watu wanakula. Ukiamua kuanza upya niambie, nitakuja tujaze pamoja.

Kijana wa Ng'hong'hona: Shikamoo mama. Nimepanga chumba, uwanja ni wa wote na mwenye nyumba hataki mzigo mkubwa. Salfeti ya kilo 25 inawezekana? Na nguzo ya mawe iweje?

Jibu: Marahaba mwanangu. Inawezekana kabisa. Nguzo yako iwe nyembamba, tumia chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa pande zote mbili, na mawe madogo ya saizi moja yaliyooshwa. Toboa mistari miwili tu ya ubavuni, kama miche minane, na juu sia mchicha. Mchicha unavuna ndani ya wiki tatu hadi nne, kwa hiyo hata ukihama nyumba hujapoteza muda. Salfeti ndogo inakauka haraka, usiiache siku mbili bila maji. Ukienda nyumbani likizo, mwachie jirani ndoo na ruhusa ya kuchuma. Atamwagilia bila kukumbushwa.

Mama wa Nzuguni: Habari za leo dada. Zangu zinaota vizuri lakini kingo za majani zinakauka rangi ya kahawia, na juu ya udongo pana ungaunga mweupe. Natumia maji ya kisima. Samadi ilikuwa nzuri, niliijaribu kwenye kopo.

Jibu: Nzuri dada, na asante kwa kueleza kila kitu, umenirahisishia. Huo ungaunga ni chumvi. Visima vingi vya huku vina maji ya chumvi: mmea unakunywa maji, chumvi inabaki na kujilimbikiza. Kwanza, kwangua ule weupe wa juu uutupe mbali. Pili, kama unapata maji ya bomba au ya mvua, mara moja moja mwaga mengi kwa mkupuo, ndoo mbili au tatu, mpaka yatokee chini. Yataondoka na chumvi. Kidogo kidogo kila siku peke yake kunazidisha tatizo. Tatu, badilisha mboga: spinachi inavumilia chumvi kuliko nyingi, lakini maharage, karoti na vitunguu havivumilii. Msimu wa mvua ukianza, kinga maji ya bati kwenye pipa lenye mfuniko, uyachanganye nusu kwa nusu na ya kisima.

Baba wa Kikuyu: Wadudu wanamaliza sukuma. Dawa gani?

Jibu: Wadudu gani, kaka? Wadogo waliojazana chini ya jani, au viwavi wanaotoboa?

Baba wa Kikuyu: Wadudu tu.

Jibu: Geuza jani uangalie, kisha urudi. Wakati unaangalia, twanga kilo moja ya majani ya mwarobaini, loweka kwenye lita tano za maji usiku kucha, chuja, weka sabuni ya kipande kidogo sana, nyunyiza jioni hasa chini ya majani. Rudia kila wiki. Viwavi waokote kwa mkono asubuhi, wape kuku.

Mzee wa Zuzu: Nimesoma mwanangu, umeeleza vizuri. Naongeza moja. Mvua zikianza, mlenda unaota wenyewe pembeni ya salfeti. Vijana wanaung'oa wakidhani ni magugu. Wauache, wauchume, waukaushe kivulini, si juani. Ukikaushwa kivulini unabaki na kijani chake na wanaula mpaka kiangazi.

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Ahsante sana. Na ni kweli kabisa kuhusu kivuli, jua linaharibu vitamini A ya mboga zote za majani, siyo mlenda peke yake. Kisamvu na majani ya kunde vivyo hivyo. Tandaza kwenye ungo, funika kitambaa chepesi kuzuia vumbi na nzi.

Fundi wa Chang'ombe: Dada, mimi ni fundi cherehani. Badala ya msumari wa moto, siwezi kupiga tundu kama la kifungo, kingo zizungushwe uzi? Naogopa moto, nina watoto wadogo. Na vipande vya juu vinavyobaki nikikata salfeti vinafaa kwa nini?

Jibu: Swali zuri, na jibu ni ndiyo, ila shona salfeti ikiwa tupu. Tumia shazia na uzi wa nailoni, maana uzi wa pamba utaoza kwa unyevu. Mishono ipite nusu sentimita ndani ya ukingo, ikipita karibu sana itang'oka na nyuzi zake. Matundu 30 kwa mkono ni kazi ya jioni mbili tatu ukiwa unaongea na watoto, na yanadumu.

Vipande vinavyobaki, kama salfeti ni mpya, fanyia zulia. Kunja kingo upige mshono kwanza, chora ua kwa kalamu ya wino mzito, kisha pitisha uzi wa sweta kwa sindano nene ukiacha vitanzi vya urefu mmoja. Ukimaliza, vikate vitanzi kwa mkasi na ushonee kitambaa kizito nyuma ili nyuzi zisivutike. Salfeti iliyokaa juani msimu mzima usiifanyie zulia, inasagika vidoleni.

Fundi wa Chang'ombe: Nimeelewa dada. Na nyuzi zinazochomoka pembeni nitupe?

Jibu: Usitupe. Zichomoe zote, suka tatu tatu, ni kamba nzuri ya kufungia nyanya kwenye mti wake. Funga kwa kulegeza, shina linanenepa.