Jinsi ya kufuatilia historia ya nyumba ya zamani hapa Tabora, kuanzia ukutani mpaka kwenye hati

Kama unakaa nyumba ya zamani pale Gongoni, Cheyo au maeneo ya stesheni, au umerithi moja na hujui aliyeijenga, anza na nyumba yenyewe kabla hujapanga foleni ofisi ya ardhi.

Chukua tepu. Wajerumani walijenga kwa mita na Waingereza kwa futi, kwa hiyo chumba kikitoka mita 4 kamili ni dalili moja ya Mjerumani, kikitoka mita 3.66 hiyo ni futi 12, hapo unaanza kumhisi Mwingereza, ila usikate shauri kwa chumba kimoja, pima vyote. Pale plasta ilipobanduka yenyewe pima na tofali, la Kijerumani la enzi zile kiwango chake ni sentimita 25 kwa 12 kwa 6.5, japo mafundi wa hapa walifyatua yao kwahiyo yanapishana. Panda darini na tochi ukague mbao na vigae, kigae kikiwa kimelegea kigeuze uone mhuri wa kiwanda, vigae vya Mangalore kutoka India vilisambaa sana huku Afrika Mashariki. Kumbuka reli imefika Tabora 1912, kabla ya hapo mzigo wa kutoka pwani ulikuja vichwani mwa wapagazi, so ukikuta mihimili mizito ya chuma kuna uwezekano mkubwa nyumba ni ya baada ya treni. Nyumba za maduka ya Wahindi angalia juu kabisa kwenye ukuta wa mbele, wengi waliandika mwaka pale, wakati mwingine kwa tarakimu za Kigujarati, piga picha umpelekee anayezisoma.

Na nawaomba sana, msibandue plasta ya chokaa mkaweka ya simenti. Chokaa inaruhusu unyevu utoke, simenti inaufungia ndani mpaka ukuta unaoza, na nyumba ikianguka historia yote imeenda.

Sasa kuna miaka lazima uijue, maana kila nyumba ya umri huo imepita humo. Septemba 1916 Wabelgiji waliiteka Tabora, na baada ya vita mali za Wajerumani zikashikwa kama mali ya adui, Waingereza wakaziuza, ndo maana unaweza kukuta ukuta wa Kijerumani lakini jina la kwanza kwenye faili ni la Mhindi au Mgiriki. 1923 ikaja sheria ya ardhi ya Waingereza na haki ya kumiliki isiyozidi miaka 99. 1963 wale waliokuwa na umiliki wa kudumu wakageuzwa wapangaji wa serikali kwa miaka 99, na 1969 upangaji huo ukageuzwa tena kuwa haki ya kumiliki.

Mwaka mkubwa kabisa ni 1971. Serikali ilitaifisha majumba ya thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo wenyewe walikuwa wamepangisha, yakaenda kwa Msajili wa Majumba, na 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa (NHC). Kwahiyo kama majina yanakatika ghafla hapo katikati, nenda ofisi ya NHC ukaulize.

Ofisi ya ardhi nenda na namba ya kiwanja, kitalu na namba ya hati (risiti za zamani za pango la ardhi huwa zinazo), omba upekuzi, wengi wanaita sachi, unapewa kontroli namba unalipia. Soma kila kilichoandikwa, uhamisho, rehani, zuio, usiishie kwa mmiliki wa mwisho. Jina likibadilika bila mauzo mara nyingi ni mirathi, hilo faili litafute mahakamani. Ukitaka enzi za Mjerumani ni Nyaraka za Taifa Dar, na tafuta mtu anayesoma mwandiko wa Kijerumani wa zamani, maana hata Wajerumani wa leo wengi hauwapandi.

Wazee usiwaache mwishoni, hati inasubiri wao hawasubiri. Pitia kwa mwenyekiti wa mtaa kwanza, maana ukitokea tu unauliza habari za nyumba watu watadhani unataka kudai, halafu toa shikamoo ukae, usimuulize babu "ilijengwa mwaka gani", muulize nani alikuwa anakaa pale vita vya Hitler, nani alikuwepo tukipata uhuru, nani alihama majumba yalipotaifishwa. Bibi waliopanga vyumba humo wanajua mengi kuliko wenye nyumba. Uliza wawili kila mmoja peke yake, na uwe makini, mtaa huwa unaita nyumba kwa jina la aliyekaa muda mrefu, anaweza kuwa mpangaji au hata mlinzi.

Andika kwenye daftari safu tatu tu, mwaka, jina, na umejuaje, ukitenganisha ulichoambiwa na ulichokiona kwa macho kwenye karatasi. Hati na risiti zipige picha siku hiyohiyo, na nakala moja mpe ndugu mwingine aiweke kwake.