Kutoka Karatasini Hadi Jukwaani

Mkiandaa mchezo wa kuigiza na wanafunzi, someni tamthilia nzima kwa sauti mara mbili kabla ya kugawana nafasi za kuigiza, kwani aliyekwisha pewa nafasi husoma mistari yake tu. Kisha kateni kila onyesho vipande. Kipande kipya huanza mhusika anapoingia, anapotoka au anapobadili anachokitaka. Pembeni mwa mstari andikeni kitenzi kwa penseli: anabembeleza, anatishia, anakwepa. “Ana huzuni” haiigiziki, kwani si kitendo.

Choreni jukwaa sakafuni kwa chaki, kwa vipimo vyake halisi, milango ikiwemo. Asiyesema asitembee ovyo: macho ya hadhira humfuata anayetembea, na maneno ya mwenzake hupotea. Wanafunzi hupenda kujipanga mstari mmoja kama gwaride, wapangeni pembetatu. Karatasi za mistari ziwekwe chini wiki mbili kabla ya kuigiza, bila huruma.